Watoto Wetu na Makumbusho ya Butiama

Mwaka 1934 kijana wa miaka 12, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama kwenda kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 na ushei. Shule ile ingali ipo. Tunachokiomba leo ni njia hiyohiyo ipitwe kwa upande wa pili: wanafunzi wa Musoma na Bunda waende Butiama, katika Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki.

Hatusemi kuwa shule haziendi. Lakini zinakwendaje? Mabasi hushusha watoto mia kwa pamoja, wakapita mbele ya picha na zawadi alizopewa Mwalimu, wakazuru kaburi, kisha soda na safari ya kurudi. Mtoto huyo ukimuuliza jioni ameona nini, atakusimulia habari za basi. Hiyo ni matembezi, wala hatuyabezi, ila si somo.

Tangu mwaka 2024 shule zetu zimeanza kufundisha Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Basi mwalimu na awapeleke darasa moja tu, na kabla ya safari kila mtoto awe amemuuliza bibi au babu yake jambo moja: mtemi alimhukumu nani, ng'ombe walilipwa wangapi, njaa ipi ilimhamisha nani. Akifika pale anakuwa na lake la kulinganisha, naye mhifadhi anapata habari ambayo hakuwa nayo.

Kwani Mara si historia ya mtu mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani. Wazee wa Ikizu na Sizaki waliandika historia zao kwa mikono yao. Zikaja kuchapishwa mwaka 2003 katika kitabu kilichohaririwa na Jan Bender Shetler, huko Leiden, Uholanzi. Ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo inatuuma kwamba msomi wa Leiden aweza kuifikia kwa urahisi kuliko mtoto wa Bunda.

Na sisi Waislamu tusikae pembeni tukidhani kuwa hayo ni ya wengine. Nyumba yenye barua ya zamani ya biashara iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au daftari la chuo alichosomea babu, ina sehemu ya historia ya mji wa Musoma. Mchwa hauchagui karatasi.

Tunajua hofu ya wazazi: kitu kikitoka hakirudi. Hofu hiyo ina haki yake. Kwa hiyo kisitolewe kitu bila hati yenye jina la mwenyewe, tarehe na sahihi za pande mbili. Na penye shaka, ipigwe picha tu, asili ibaki sandukuni. Kamati za shule zaweza kulipanga hilo kabla ya muhula ujao, pamoja na nauli, maana mtoto wa Butiama atakwenda kwa miguu lakini wa Bunda hawezi.