Ruta iko sebuleni kwangu, ufunguo uko kwao

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na si kwa kupenda. Nilikuwa napigana vita na kisanduku cheupe chenye taa nne kilichopigiliwa ukutani sebuleni kwangu. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kisa chenyewe ni hiki. Binamu yangu ana duka la vipuri vya pikipiki kule Thika. Mwaka jana nilimwandikia programu ndogo ya kuhesabu mali: kijana wa kaunta akiuza plagi moja, stoo inapungua moja, na jioni mwenye duka anaona hesabu kwenye simu. Biashara ni ndogo, haina pesa za kukodi seva kila mwezi. Nikaamua kuiweka programu kwenye kompyuta yangu kuukuu ya nyumbani, yenye Linux. Kompyuta ipo, umeme nalipa, faiba nalipa. Kilichobaki ni kitu kimoja tu: kuiambia ruta kwamba mtu akibisha mlango fulani kutoka nje, apelekwe kwenye kompyuta ile. Kwa ruta uliyonunua mwenyewe, hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Nikafungua brauza, nikaandika 192.168.1.1, nikaingia kwa jina na neno la siri vilivyoandikwa kwenye stika chini ya ruta. Nikakuta nini? Kurasa tatu! Wa kwanza unanionyesha taa zipi zinawaka, jambo ambalo naliona kwa macho yangu. Wa pili unaniruhusu kubadilisha jina la waifai na neno lake la siri. Wa tatu una kitufe cha kuzima na kuwasha. Basi. Hakuna pa kuelekeza milango, hakuna pa kubadilisha DNS, hakuna pa kuipa kompyuta yangu anwani isiyobadilika.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Hiyo sehemu ni ya mafundi, ndugu mteja." Nikamwambia dada yule kwamba hata mimi ni fundi, nina digrii ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni hii hii. Akacheka kwa adabu, akanipa namba ya malalamiko.

Baada ya wiki akaja kijana wao kurekebisha waya. Akaniangalia, akaangalia kompyuta yangu, akanihurumia. Akaandika neno moja nyuma ya risiti: "Bosi, usimwambie mtu nimekupa hii." Nikaingia nalo, na lo! Ruta ile ile, kisanduku kile kile, sasa kina kurasa zaidi ya thelathini. Kila nilichokitafuta kilikuwemo muda wote. Kilikuwa kimefichwa tu.

Duka lilifanya kazi vizuri miezi mitatu. Kisha Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. "We, mbona mashine haifunguki? Watu wamejaa hapa." Usiku ule kampuni ilikuwa imeitumia ruta yangu mpangilio mpya kutoka mbali, bila hata ujumbe mfupi. Kila nilichokuwa nimekiweka kilifutwa, na neno la fundi limebadilishwa. Binamu akarudi kwenye daftari siku nzima, siku yenye wateja wengi kuliko zote. Jioni akaniambia neno lililoniuma: "Daftari halihitaji faiba."

Sasa tuzitazame sababu ambazo watoa huduma hutupa, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza: wateja wataharibu mipangilio, kisha watapiga simu kulalamika. Hii ina ukweli. Nimeshuhudia mtu akizima DHCP kwa kubofyabofya, nyumba nzima ikakosa mtandao. Lakini dawa yake ipo siku zote: tundu dogo nyuma ya ruta ambalo ukilichokonoa kwa sindano kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Tenganisheni kurasa za kawaida na kurasa za wanaojua, wekeni onyo jekundu hapo katikati, mteja akivuka na kuharibu abonyeze tundu lake. Huwezi kuwafunga kamba wateja wote kwa sababu mmoja alijikwaa.

Ya pili: kifaa ni mali ya kampuni. Sawa, kichukueni! Niruhusuni nilete changu. Hapo ndipo utaona hoja inavyobadilika, kwa sababu ukiuliza kuhusu kuleta chako unaambiwa kwamba mtandao wao unakitambua kisanduku chao tu. Yaani siwezi kukitawala kwa kuwa si changu, na siwezi kuleta changu kwa kuwa si chao. Mtu ameshikwa masikio yote mawili.

Ya tatu, na ndiyo inayonikera zaidi: usalama. Wanasema wanatufungia ili wahalifu wasiingie. Haya, nikueleze jambo. Kabla neno lile la fundi halijabadilishwa, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mama mmoja mshonaji, aliniomba nimwangalizie waifai yake iliyokuwa inasuasua. Kwa ruhusa yake nikajaribu neno lile lile. Likafungua! Ruta yake na yangu zilikuwa na ufunguo mmoja. Sasa piga hesabu mafundi wangapi wanalijua neno lile, wangapi wameshaacha kazi, na risiti ngapi zimeandikwa mgongoni. Kufuli hilo linamzuia mwenye nyumba na kumpisha mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na usidhani haya ni maneno ya mtu mwenye hasira tu. Ruta nyingi za watoa huduma hupokea amri kwa utaratibu uitwao TR-069, uliotolewa mwaka 2004. Kwa utaratibu huo kampuni inaweza kubadilisha mipangilio, kuweka programu mpya au kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani bila kubisha hodi. Ni chombo chenye manufaa, sikatai. Lakini Novemba 2016 kule Ujerumani ruta zipatazo 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom zilivurugika. Wavamizi waliokuwa wanatafuta ruta za kuambukiza walibisha kwenye mlango namba 7547, mlango unaotumika kwa amri hizo hizo za mbali. Ruta zile hazikuambukizwa, zililemewa tu, lakini watu walikosa mtandao. Unaona sasa? Mlango aliofungua mtoa huduma kwa ajili yake mwenyewe ndio uliobishwa na wezi.

Wenzetu wameshalipigania jambo hili. Marekani, mwaka 1968, tume yao ya mawasiliano ilitoa uamuzi katika kesi ya Carterfone: mteja ana haki ya kuunganisha kifaa chake kwenye laini ya simu mradi hakidhuru mtandao. Kampuni ya simu ilikuwa imedai kwamba vifaa vya watu vitauharibu mfumo. Mfumo haukuanguka, na uamuzi ule ulisaidia kufungua njia kwa modemu zilizokuja baadaye. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2015 ulipitisha kanuni inayompa mtumiaji haki ya kutumia kifaa anachokichagua. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Agosti 2016 mteja wa huko anaweza kuweka ruta yake mwenyewe, na mtoa huduma analazimika kumpa taarifa anazohitaji ili kuunganishwa.

Na sisi? Mimi si wakili, lakini Katiba yetu ya mwaka 2010 naisoma. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kikamilifu! Kurasa tatu kati ya thelathini si kikamilifu.

Niwe mwadilifu pia. Kuna jambo moja ambalo si ubaya wa mtu. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liliishiwa Februari 2011. Ndiyo maana watoa huduma wengi huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kama uko katika kundi hilo, hata ukipewa kurasa zote za ruta, kuelekeza mlango hakutakusaidia. Jipime hivi: tazama anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, umerundikwa, kwa kuwa fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Ikianza na 10 au 192.168, mara nyingi hali ni ile ile. Dawa ya kudumu ni IPv6, na hapo pia swali langu kwa watoa huduma ni moja: mbona hamuiwashi kwa kila mteja?

Wakati tunasubiri, fanya haya. Kwanza, omba ruta yao iwekwe katika hali ya daraja, yaani ipitishe mtandao tu, na ruta yako uliyonunua ifanye kazi yote. Omba kwa maandishi, usikubali jibu la simu. Pili, wakikataa, chomeka ruta yako nyuma ya yao. Haitakufungulia milango ya kutoka nje, lakini DNS, ratiba ya watoto kulala na waifai ya wageni vitakuwa mikononi mwako. Tatu, usiache kamwe neno la siri lililo kwenye stika.

Na ninachowadai watoa huduma si kikubwa. Kila ruta iwe na neno lake la siri la msimamizi, lisilofanana na la jirani. Mteja anayeliomba alipewe, hata kama ni kwa kutia saini. Anayetaka hali ya daraja aipate bila kubembeleza. Na mkiigusa ruta yangu usiku, nitumieni ujumbe kabla, kama Kenya Power wanavyotangaza siku ya kukata umeme.

Barua nimeshaipeleka ofisini kwao, nakala ikapigwa muhuri. Binamu bado anaandika kwenye daftari. Kila jioni ananipigia kunisomea hesabu kwa mdomo, nami naziingiza kwenye kompyuta ile ile iliyo mita mbili kutoka kwenye ruta. Karne hii, na faiba ukutani!