Programu Imewaka? Tulia Kwanza

Wasee, nitasema kitu na wengine mtanikasirikia: umehamisha programu kutoka lugha moja hadi nyingine, imewaka bila kulalamika? Hiyo si ushahidi kwamba umeitafsiri vizuri.

Mimi nilifunzwa na daftari. Mathe huuza samaki Dunga, na chama chao kilikuwa kinafuatilia mikopo kwa programu ndogo niliyoandika kwa Python. Shida ni kwamba ilikuwa kwa laptop yangu tu. Wamama walitaka kuiona kwa simu, so nikaiandika upya kwa JavaScript, mstari kwa mstari, usiku mmoja. Asubuhi ikawaka. Nikajiona mjanja.

Wiki hiyo mweka hazina akaniita. "Kijana wangu, daftari linasema deni hili ni la Machi 15. Mbona simu inasema Aprili 15?"

Kumbe kwa Python, Januari ni 1. Kwa JavaScript, ukiipa mwezi kwa nambari, Januari ni 0. Ile 3 yangu ya Machi ikageuka Aprili. Na sikuwa nimeigusa. Hapo ndipo nilikosea. Ni kama mgeni akuulize basi la asubuhi linatoka saa ngapi, wewe umwambie "three o'clock" kwa sababu ni saa tatu. Neno umetafsiri, lakini basi limemwacha.

Wamama wawili walikuwa wametulia wakijua wamebakisha mwezi mzima. Pesa hizo ndizo mwenzao alikuwa anangojea anunue omena. Ilibidi nipitie kwao mmoja mmoja nikiomba msamaha.

Siku hizi naendesha programu ya zamani na mpya pamoja, nazipa data ile ile, halafu nalinganisha majibu. Hivyo ndivyo nilipata kosa lingine: JavaScript usipoielekeza hupanga nambari kama maneno, so 10000 inatangulia 900. Orodha yangu ya madeni ilikuwa imepinduka na hakuna aliyejua.

Najua utaniambia AI inatafsiri kwa dakika moja. Sawa, itumie. Lakini jaribio ni lile lile, na AI haijawahi kuona daftari la chama chenu. Usifute ya zamani mpaka majibu yakubaliane. Na wa kusema kazi imeisha si wewe, ni mwenye daftari.