Barua ya Wazi kwa Katibu wa Idara ya Uhamiaji na Huduma za Raia

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia kutoka Majengo, Mombasa, kuhusu vijana wetu wanaoendea vitambulisho wakarudishwa kutafuta karatasi za babu zao.

Juzi binti wa jirani yangu alifika ofisi moja ya usajili na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na nakala za vitambulisho vya baba na mama. Karani akalisoma jina, akamtazama na buibui lake, akauliza, "Babu yako alizaliwa wapi?" Akaambiwa arudi siku ya kamati, apigwe msasa. Shoga yake waliyefuatana naye, mwenye jina la bara, alichukuliwa alama za vidole palepale.

Mheshimiwa, suala la uraia wa watu wa Mwambao lilikwisha mwaka 1963. Mwambao huu wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultan wa Zanzibar. Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa 1895, wakimlipa kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus. Tarehe 8 Oktoba 1963, mjini London, ulitiwa saini mkataba wa kuuingiza Kenya. Mzee Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikuwa wameshaandikiana barua: dini ilindwe, makadhi wabaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, hati za ardhi ziheshimiwe.

Uraia ukawekwa katika katiba ya uhuru. Mtu wa himaya ya Uingereza aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akazaliwa Kenya, aliamka raia tarehe 12 Disemba 1963 bila kujaza fomu yoyote. Aliyezaliwa hapa na wazazi wa kutoka nje alipewa miaka miwili ya kuomba. Kwa huyo wa pili, ningeelewa karani akiuliza. Lakini wazazi wa binti huyu wana vitambulisho vya serikali hii hii, na kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mzazi mmoja raia anatosha. Babu hatajwi.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliuandika ubaguzi huu mwaka 2007. Serikali imewatambua Wamakonde, Washona na Wapemba waliokaa miaka mingi bila uraia, na tumefurahi nao. Sisi watu wa Mwambao uraia tunao. Tunachonyimwa ni kipande, na bila kipande kijana hasajili laini ya simu, hapigi kura, haajiriwi.

Nakuomba utoe waraka kwamba kitambulisho cha mzazi mmoja kinatosha kuthibitisha uraia, na kwamba atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kama kifungu cha 47 cha Katiba kinavyompa haki. Waraka huo uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe mlangoni mwa kila ofisi ya usajili, kutoka Lamu hadi Vanga.

Wako,
Mkazi wa Majengo, Mombasa