Hodhi la Maji Moto: Kifuniko Kwanza, Taa Baadaye

Mtu anayefungua kitabu cha matangazo ya mahodhi ya maji moto yauzwayo siku hizi Marekani na Ulaya, yale ambayo wengi huyaita jakuzi, hukutana kwanza na taa. Ziko taa za rangi chini ya maji, ziko taa kandokando ya ngazi, vipo vipaza sauti vinavyopokea muziki kutoka kwenye simu bila waya, na kipo kidude kinachomwezesha mwenye hodhi kulipasha moto akiwa angali ofisini kwake. Kisha hutajwa idadi ya matundu ya kurushia maji, na kadiri idadi inavyoongezeka ndivyo bei inavyopanda. Katika kurasa za mwisho, tena kwa herufi ndogo, ndipo huandikwa unene wa kifuniko, aina ya pampu, na namna maji yanavyosafishwa. Mnunuzi mwenye busara angekisoma kitabu hicho kuanzia nyuma.

Chombo chenyewe hakikuzaliwa kwa anasa. Familia ya Jacuzzi ilihama kutoka kaskazini mwa Italia ikakaa California, ambako ndugu hao walitengeneza rafadha na hatimaye ndege kamili. Ndege yao ilipoanguka mwaka 1921 na kumwua mmoja wao, waliiacha anga wakageukia pampu za kuvuta maji ya visima na mashamba. Mmoja wa ndugu, Candido, alikuwa na mtoto aliyeteswa na ugonjwa wa viungo. Hospitalini mtoto alipata nafuu katika maji ya moto yanayozungushwa kwa nguvu, lakini hospitali haiendwi kila siku. Baba, ambaye pampu ndiyo iliyokuwa kazi yake, akabuni pampu ndogo ya kutumbukizwa katika bafu la nyumbani. Pampu hiyo iliuzwa kwa umma tangu mwaka 1956. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi, wa kizazi cha baadaye, alitoa bafu ambalo matundu yake yamejengwa ndani ya kuta zake. Mahodhi makubwa ya watu watano au sita, yenye vipasha joto na vichujio vyake, yakafuata.

Kanuni inayoyaendesha matundu hayo inafahamika kwa kila mwanafunzi aliyewahi kuwasha tochi ya Bunsen katika maabara ya shule. Katika tochi ile gesi hupita kwa kasi kwenye tundu jembamba, kanieneo hupungua, na hewa ya pembeni huvutwa ndani. Katika hodhi maji ndiyo yanayopita mahali pembamba, hewa huvutwa, na mchanganyiko wa maji na mapovu humpiga muogaji mgongoni. Pampu moja ina nguvu yake maalumu. Maji yake yakigawanywa katika matundu 25 kila tundu litapata fungu fulani. Yakigawanywa katika matundu 50, fungu hupungua. Kwa hiyo idadi kubwa ya matundu, pasipo kutaja pampu inayoyalisha, ni sifa isiyomwambia mnunuzi lolote.

Suala zito zaidi ni joto. Na achukuliwe mfano wa hodhi la lita 1,300, ambalo ni la ukubwa wa kawaida kabisa. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 20 za Sentigredi hadi nyuzi 40, kiwango ambacho hakipaswi kuzidishwa kwa usalama wa mwogaji, kunahitaji kilojuli 109,200, yaani uniti 30 za umeme na kitu kidogo juu yake. Kipasha joto cha kilowati 3 kitafanya kazi hiyo kwa muda wa saa 10. Gharama hiyo hulipwa mara moja tu, hodhi linapojazwa. Gharama ya kudumu ni ile ya kuyaweka maji katika nyuzi hizo usiku na mchana, majira ya baridi na ya joto, hata wiki ambayo hakuna mtu aliyeingia ndani yake. Hodhi la namna hii haliwashwi na kuzimwa kama taa, bali hubaki moto wakati wote, likimsubiri mwenyewe.

Joto hutoroka kwa mpitisho kupitia kuta na sakafu, kwa myuko na mnururisho kutoka juu; lakini mwizi mkubwa kuliko wote, pale hodhi linapoachwa wazi, ni uvukizaji. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke katika nyuzi 40 huondoka na kilojuli zipatazo 2,400, ambazo ndizo joto fiche lake. Hesabu ni nyepesi: zikitoweka lita mbili na kidogo tu, maji yote 1,300 yaliyobaki hupoa kwa nyuzi moja. Lita mbili hazijai hata ndoo ndogo! Upepo ukivuma juu ya maji, kiasi hicho huondoka upesi, na kipasha joto kinalazimika kuanza kazi upya.

Kwa sababu hiyo uboreshaji ulio muhimu kuliko mwingine wowote katika hodhi ni kifuniko kinachoketi barabara. Vifuniko vingi hutengenezwa kwa povu gumu la polistirini lililovikwa ngozi ya plastiki. Povu hilo huzuia joto kwa kuwa limejaa vijishimo vya hewa iliyotulia, nayo hewa iliyotulia ni mpitishaji hafifu. Mama aliyefunika chungu cha wali kwa blanketi ili kiendelee kuiva baada ya kuondolewa motoni ameitumia fizikia hiyohiyo. Lakini kifuniko cha hodhi kina udhaifu ambao wauzaji hawapendi kuutaja: ngozi ikipasuka, mvuke hupenya ndani, mahali pa hewa panashikwa na maji, na kifuniko kinakuwa kizito huku kikizidi kupitisha joto. Mwenye hodhi hulalamika kwamba kimekuwa kigumu kukiinua, na hukumbuka mwishoni kuwa bili ya umeme nayo imekuwa nzito. Maendeleo ya kweli katika eneo hili ni ngozi zilizoungwa vizuri zaidi, mishono isiyovuja katikati pale kifuniko kinapokunjwa, na povu lililojazwa ndani ya kuta zenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalong'aa gizani.

Jimbo la California liliona mapema kwamba soko peke yake halitamlazimisha mtengenezaji kushughulikia mambo yasiyoonekana. Likaweka sheria ya kiasi cha umeme ambacho hodhi lililofunikwa, lisilo na mtu, linaruhusiwa kutumia. Kikomo cha kwanza kilikuwa wati 5 zikizidishwa kwa ujazo, kwa galoni za Marekani, ulioinuliwa kwa kipeo cha theluthi mbili. Kwa mahodhi ya kawaida yaliyotengenezwa tangu Juni 2019, kikomo ni 3.75 mara kipeo hichohicho, kisha zinaongezwa wati 40.

Walimu wa hisabati wangefanya vema kuipeleka kanuni hiyo darasani. Kwa nini theluthi mbili? Kwa sababu ujazo hukua kwa mchemraba wa urefu, ilhali eneo ambalo joto hutokea hukua kwa mraba wake. Anayetaka kupata eneo kutoka katika ujazo hana budi kutumia kipeo hicho. Hodhi la galoni 343, ambazo ni karibu lita 1,300 zilizotajwa, linarahisisha kazi kwa kuwa 343 ni mchemraba wa 7. Kipeo chake cha theluthi mbili ni 49. Kikomo cha zamani kinatoa wati 245, kipya wati 224 hivi. Kwa mwaka mzima hizo ni uniti 2,146 na uniti 1,960. Tofauti si kubwa kama mtu angetarajia kwa muda uliopita. Tena mwanafunzi atakayezilinganisha kanuni hizo mbili atagundua kwamba kwa hodhi dogo lisilofikia galoni 181, kikomo kipya ni legevu kuliko cha zamani. Yaelekea zile wati 40 ni posho ya vitu visivyotegemea ukubwa, kama vile kibao cha kuongozea mitambo. Lakini kama ndivyo, kila pambo linaloongezwa kwenye kibao hicho linakula katika posho ambayo ingeweza kubanwa.

Pampu ya joto inastahili sifa bila kinyongo. Hii ni friji iliyogeuzwa: huchukua joto kutoka katika hewa ya nje na kuliingiza katika maji, na kwa kila uniti moja ya umeme inayotumia huweza kuingiza uniti tatu au zaidi za joto hali ya hewa ikiwa nzuri. Zile uniti 30 za mwanzo hushuka kufikia 10 hivi. Hakuna kanuni ya fizikia inayovunjwa hapo, maana joto halikuumbwa, limehamishwa tu. Kasoro yake ni kwamba hewa ikizidi kuwa baridi faida hupungua, na wanunuzi wa Kanada wanahitaji msaada wake zaidi katika miezi ileile ambayo inawasaidia kwa uchache. Katika hoteli za kitalii za Unguja na Mombasa, ambako hewa ni ya joto mwaka mzima, pampu hiyo ingefanya kazi kwa wepesi sana. Ingawa yaweza kuulizwa ni nani hasa anayehitaji maji ya nyuzi 40 katika mwezi wa Februari pale Unguja.

Hata hivyo umeme uliopotea hulipwa kwa fedha, na fedha hutafutwa. Liko jambo ambalo halilipiki. Mwaka 1976, huko Philadelphia, ugonjwa mkali wa mapafu uliwashambulia maveterani wa vita waliokusanyika katika hoteli, na bakteria waliousababisha wakapewa jina la Legionella kutokana na jina la chama chao. Bakteria hao hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 45. Hodhi huwekwa ndani ya kiwango hicho, kisha matundu yake huyarusha maji na mapovu hupasuka, na matone madogo mno yasiyoonekana hubebwa na hewa. Si lazima mtu aoge ili augue. Yatosha avute pumzi akiwa karibu.

Hilo lilidhihirika mwaka 1999 katika maonyesho ya maua mjini Bovenkarspel, Uholanzi. Miongoni mwa bidhaa zilizoonyeshwa lilikuwamo hodhi la maji moto. Hakuna aliyeoga humo. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao. Wagonjwa wapatao 188 walihesabiwa, na zaidi ya 20 wakafariki. Mtu angedhani somo hilo lingetosha. Lakini Septemba 2019, miaka 20 baadaye, katika maonyesho ya jimbo la North Carolina, Marekani, mahodhi ya kuonyeshwa yalihusishwa tena na ugonjwa uleule: zaidi ya watu 130 waliugua na 4 wakafa. Katika visa vyote viwili hodhi lilikuwepo ili watu waone jinsi lilivyo zuri na la kisasa.

Watengenezaji hujibu kwamba mahodhi mapya yana ozoni, taa za miale ya urujuanimno, na mitambo ya chumvi. Vyote ni vifaa vya kweli, ila vinasifiwa kupita kadiri. Miale ya urujuanimno huwaua bakteria wanaopita mbele ya taa. Wale waliojishikiza ndani ya mabomba, wakijifunika utando wao wa ute, hawaipiti taa hata siku moja. Ozoni ni kioksidishi kikali, lakini huvunjika upesi na haibaki majini kumlinda atakayeingia saa mbili baadaye. Kuhusu chumvi, wapo wauzaji wanaothubutu kusema kwamba hodhi la chumvi halina kemikali. Mwanafunzi wa kemia wa kidato cha tatu angewacheka. Umeme unapopitishwa katika maji ya chumvi, klorini hutoka kwenye anodi na haidrojeni kwenye kathodi. Klorini hiyo huungana na maji na kufanya asidi ileile inayofanywa na dawa ya kopo. Mtambo unarahisisha kazi ya kutia dawa. Kupima dawa kunabaki palepale.

Mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani inashauri klorini isipungue sehemu 3 katika milioni ndani ya hodhi, au bromini sehemu 4, na kipimo cha pH kiwe kati ya 7 na 7.8. Katika maji ya moto yenye mapovu klorini huisha upesi kuliko katika bwawa la kuogelea, na waogaji watano ndani ya lita 1,300 huyachafua maji kwa kasi ambayo bwawa halijui. Kijikaratasi cha kupimia kinachobadilika rangi huuzwa kwa bei ndogo sana. Baadhi ya mahodhi ya siku hizi yana vihisi vinavyopima hali ya maji mfululizo na kumwarifu mwenyewe kwa simu. Hapa ndipo mawasiliano yale yasiyo na waya, ambayo katika kurasa za mbele yametumiwa kwa muziki, yangepata kazi yenye heshima: hodhi likatae kuzungusha matundu yake mpaka dawa irudi kiwango chake. Kisheria jambo hilo ni rahisi kuliko kikomo cha wati, na hodhi la kuonyeshwa lingekuwa la kwanza kulazimishwa.

California inadai kwamba hodhi lipimwe umeme wake likiwa halina mtu na limefunikwa, na matokeo yabandikwe juu yake ili mnunuzi ayasome. Hakuna kibandiko kinachomwambia ni maji kiasi gani hubaki yamelala ndani ya mabomba pampu inapozimwa, wala kama mabomba hayo yanaweza kufunguliwa na kusuguliwa.