Maktaba za Sauti Zisiachwe Njiani

Zipo programu za kompyuta ambazo mtumiaji wake haandiki maagizo kwa mistari ya maneno, bali huchora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi. Kisanduku cha kwanza hupokea sauti kutoka katika maikrofoni, cha pili huichuja, cha tatu huipunguza nguvu, cha nne huipeleka katika spika. Mojawapo ya programu hizo ni Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette nchini Marekani katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo, alipokuwa katika taasisi ya IRCAM mjini Paris katika miaka ya 1980, alikwisha kuunda programu ya jamii hiyo hiyo iitwayo Max. Max ya leo huuzwa. Pure Data hutolewa bure, na yeyote aruhusiwa kuinakili na kumpa mwenziwe. Kwa sababu hiyo pekee, shule au chuo cha Mpanda kitakachotaka kufundisha elimu ya sauti kwa kompyuta kina haki ya kuitazama kwanza.

Lakini programu hii huja na visanduku vya msingi tu. Vilivyobaki hutoka katika maktaba za ziada. Neno maktaba hapa lisimpotoshe msomaji: si nyumba ya vitabu, bali ni fungu la visanduku vilivyotengenezwa tayari na watu wengine, vikakusanywa pamoja na kupewa jina. Maktaba iitwayo cyclone huleta visanduku vinavyofanana na vile vya Max. Zexy huleta vifaa vidogo vidogo vya kila namna. Gem hushughulikia picha. Mtumiaji huzipakia anapozihitaji, na tangu toleo la mwaka 2016 programu yenyewe ina dirisha la kuzitafuta na kuzileta kwa njia ya intaneti.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Urahisi huo umewazoesha watengenezaji wengi kuitoa kazi pasipo maktaba zake, kwa kudhani kwamba anayeipokea atazipata mwenyewe. Na tuseme kazi kama hiyo imetengenezwa Dar es Salaam, ikatiwa katika flashi, ikasafirishwa hadi Mpanda. Mwalimu anaifungua mbele ya darasa. Visanduku vingi vimechorwa sawasawa, lakini viwili vitatu vimezungukwa na mstari wa vipande vipande, na katika dirisha la taarifa imeandikwa kwamba havikuweza kuundwa. Nyuzi bado zinaonekana zimeunganishwa, ila sauti haipiti. Kwa mwanafunzi aliye mgeni wa fani hii, hakuna kitakachomwonyesha kwamba kosa si lake wala si la kompyuta ya shule. Wengi wataamua kwamba elimu hii si yao.

Mpanda ni kituo cha mwisho cha reli itokayo Kaliua, reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko enzi za ukoloni. Wenyeji wa mji huo hawana haja ya kufundishwa maana ya shehena iliyosahauliwa Tabora. Pamoja na hayo, wapo wanaosema kwamba shida hiyo imepita, maana siku hizi mtandao wa simu umefika mahali pengi, na atakayekosa maktaba ataileta kwa dakika chache. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa mtu mmoja mwenye simu na fedha ya kifurushi. Haina nguvu kwa darasa la kompyuta ishirini. Tena haijibu swali lililo kubwa zaidi, ambalo si umbali wa mahali bali ni urefu wa muda.

Maktaba huzeeka. Kwa miaka kadhaa palikuwapo toleo lililoitwa Pd-extended, lililofungasha maktaba nyingi pamoja na programu, na watumiaji wake wakaacha kabisa kufikiri ni kisanduku kipi kimetoka wapi. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2013. Kazi zilizotegemea fungu hilo zikabaki yatima, na wenye kazi wakalazimika kupekua kisanduku kimoja kimoja ili kutambua asili yake. Aidha, maktaba iliyotayarishwa kwa ajili ya Windows haifanyi kazi katika Linux, na ile ya kompyuta za biti 64 haipakiki katika programu ya biti 32, ambayo ndiyo inayokuta nafasi katika mashine kuukuu ambazo shule nyingi hupewa kama msaada. Lipo na kosa la hila kuliko hayo: maktaba mbili zaweza kuwa na kisanduku chenye jina moja. Kisanduku kiitwacho scale kimo katika cyclone, na kimo pia katika maxlib. Mpangilio wa kupakia ndio unaoamua ipi ijibu, na kazi yaweza kutoa tarakimu zisizo sahihi bila kuonyesha kosa lolote.

Katika mkoa wa Katavi jambo hili si la wapenda muziki peke yao. Katika misitu ya miombo ya eneo la Mahale, inayogusa mikoa ya Kigoma na Katavi, watafiti wa bonde la Issa wametumia vinasa sauti vinavyoendeshwa kwa nguvu za jua ili kusikiliza milio ya sokwe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wanyama hao huita hata usiku. Sokwe huishi miaka mingi. Anayetaka kujua kama idadi ya milio inapungua sharti aweze kulinganisha hesabu ya leo na ya miaka ishirini ijayo, kwa kipimo kile kile. Kama kipimo chenyewe ni kazi ya visanduku, na kisanduku kimoja kimebadilika njiani, hakuna atakayejua kama waliopungua ni sokwe au ni uhodari wa chombo. Ndivyo ilivyo pia kwa anayerekodi ngoma za Wapimbwe au Wakonongo na kutaka kuhesabu mapigo yake. Kwa bahati njema kisanduku cha kutambua mapigo, bonk~, huja pamoja na programu yenyewe, wala hakihitaji kutafutwa nje. Na ni vema kila mtengenezaji akaanza kwa kutazama vilivyomo nyumbani kabla ya kwenda kuazima.

Dawa haina gharama. Pure Data hutafuta kisanduku kwanza katika kabrasha lile lile ilimohifadhiwa kazi, kisha ndipo itafute kwingineko. Kwa hiyo mtengenezaji aweza kuweka maktaba zake humo humo, akazitangaza kwa kisanduku kiitwacho declare, ambacho huiambia programu ipakie nini na kutoka wapi. Mahali penye majina yanayogongana, na aandike jina kamili, yaani cyclone/scale. Nyingi za maktaba hizi ni ndogo kuliko wimbo mmoja uliorekodiwa bila kubanwa, na leseni zake huruhusu kunakili. Anayedai kwamba flashi itajaa hajapata kuzipima.

Linalokosekana ni sharti. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ingeweza kudai kwamba kila mradi wa sauti inaougharamia ukabidhi maktaba zake pamoja na ripoti, kwa Windows na kwa Linux, zikiwa zimeandikwa namba ya toleo. Na kila kazi ijaribiwe kabla ya kukabidhiwa: ifunguliwe katika kompyuta ambayo haijapata kuwekwa maktaba yoyote, intaneti ikiwa imezimwa, siku moja kabla ya flashi kupandishwa garini kwenda Mishamo au Karema.