Umempa Nini Paka Wangu?

Mwezi huu nina kisa cha nyumbani kwangu mwenyewe. Nusura ndoa yangu iingie doa kwa sababu ya paka. Ndiyo, paka. Usicheke kwanza.

Paka wetu anaitwa Chausiku. Nilimwokota akiwa mdogo kule Mwigobero, hapa hapa Musoma, akigombania vichwa vya samaki na ndege. Mume wangu kazi yake iko Bunda, anakaa huko Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo siku za kazi mimi na Chausiku ndio wenye nyumba. Tuna miaka miwili ya ndoa na bado hatujajaliwa mtoto. Mawifi hawachoki kunitania kwamba nalea paka badala ya kulea mtoto. Nacheka nao, lakini we acha tu.

Basi bwana, usiku mmoja nikasikia ile sauti. Kama umewahi kufuga paka unaijua: anainama, mbavu zinapanda na kushuka, koo linagonga kama pampu iliyokosa maji, halafu pwaa! juu ya zulia. Mara ya kwanza nikafuta, nikalala. Ya pili vilevile. Wiki ya tatu ilipofika nilikuwa nanunua sabuni mche mzima mzima. Ajabu ni kwamba akishatapika anajilamba, anacheza, anadai chakula kama vile hakuna kilichotokea.

Na jambo lisilo na maelezo, watu watalitafutia maelezo. Jirani mmoja akaniita pembeni: "Mdogo wangu, paka hatapiki bure. Kuna mtu kawatupia kitu, paka kawakinga." Mwingine akasema kala mjusi. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano nikawacheka. Kumbe na mimi nilikuwa natafuta mchawi wangu.

Nilianza kuona kwamba kila Jumamosi, mume akisharudi, lazima Chausiku atapike. Nikakumbuka utani wake kuwa siku moja atamshusha geti la Ndabaka akaishi na ndugu zake simba wa Serengeti. Halafu Jumamosi moja, natafuta mkaa stoo, nikakuta pakiti ya sumu ya panya. Imefunguliwa. Nilitoka nayo hadi sebuleni, na maneno yakanitoka kabla sijayapima: "Umempa nini paka wangu?"

Hakujibu. Alinitazama, akaitazama ile pakiti, akatoka nje. Kesho yake akaenda Butiama kwa mama yake, na kutoka huko akapitiliza Bunda. Wiki hiyo simu zetu zikawa za "umekula?" "nimekula."

Jumatatu nikambeba Chausiku kwenye kikapu hadi kwa daktari wa mifugo. Mkoani kwetu Mara huyu ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, paka akiingia wateja wote wanageuka. Yeye hakucheka. Alimpapasa tumbo, akamtazama ufizi, akainua ulimi kuona kama hakuna uzi au mshipi wa kuvulia ulionasa, akampima uzito. Kisha maswali. Anatapika mara ngapi kwa wiki? Mara tu baada ya kula, au tumbo likiwa tupu? Chakula kinatoka kizima au kimesagika? Kuna nywele, damu, minyoo? Siku hizi anakunywa maji kuliko zamani?

Sikuwa na jibu hata moja.

"Dada," akasema, "ng'ombe wa huku ana mchungaji anayejua mpaka anavyocheua. Huyu wa kwako ana nani?"

Niliona aibu. Wiki tatu nimehangaika na nani, nani, nani, wala sikuwa nimeangalia nini.

Aliyonieleza siku ile nakupa na wewe, kwa sababu najua wengi mnafuga. Paka kutapika mara moja moja si msiba. Anajilamba mwili mzima, nywele zinamezwa na zinaviringana tumboni. Anayekula kwa pupa naye hukirudisha chakula kizima kizima muda mfupi tu baadaye. Minyoo hutapisha, kubadilishiwa chakula ghafla hutapisha, na maradhi ya figo kwa paka mzee pia hutapisha. Maziwa tunayodhani ndiyo chakula cha paka, wengi wakishakua hawawezi kuyameng'enya.

Dalili za kukukimbiza kwa daktari bila kungoja kesho ni hizi: anatapika tena na tena siku hiyo hiyo, kuna damu, hawezi kubakiza hata maji, amelegea, ni mtoto, au unahisi amekula sumu au uzi. Paka aliyegoma kula zaidi ya siku moja naye usimngoje, maana akishinda njaa siku kadhaa ini lake huweza kujaa mafuta. Na tafadhali, usimpe panadol! Dawa hiyo inayotupoza sisi kichwa inaua paka, hata kidonge kimoja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe nayo usimpake. Nyingi ni sumu kwake. Kuhusu sumu ya panya, zipo aina zinazosababisha damu kuvuja ndani kwa ndani siku kadhaa baada ya kuliwa, kwa hiyo paka kuonekana mzima leo si ushahidi kwamba yuko salama.

Mwisho akaniagiza ninunue daftari.

Kuna kitu nilikikumbuka njiani nikirudi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kushikwa na degedege na kufa, na takribani theluthi moja yao wakapotea. Jibu halikutoka kwa aliyekisia. Lilitoka maabara, kwenye sampuli zilizopimwa: kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa. Mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakaja kuchanjwa. Chausiku hakuwa na ugonjwa huo, lakini nilijiambia kama simba walipimwa ndipo ikajulikana, huyu wa sebuleni nimemhukumia mtu kwa ushahidi gani?

Nikaandika kwa wiki mbili. Saa, chakula, rangi, kila kitu. Katika wiki hizo alitapika mara saba, na mara tano zilikuwa muda mfupi baada ya kugida dagaa wakavu ninaomwagia mimi mwenyewe, wale wa kuanikwa mchangani, mchanga wenyewe umo. Na siku zilikuwa Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mume yuko Bunda. Mbona mimi nilikuwa naona Jumamosi tu? Kwa sababu Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa natazama.

Wiki iliyofuata mume alipitia tena kwa mama yake. Nikapanda gari hadi Butiama, daftari kwenye mkoba. Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba ya mama mkwe, si mbali na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Nikamsomea daftari lote, Jumatatu hadi Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sumu niliinunua uliposema panya wanamaliza mahindi stoo," akasema. "Kuiacha wazi ni kosa langu, nakubali. Lakini wewe hukuniuliza kama najua kitu. Uliniuliza nimempa nini."

Sikuwa na utetezi. Nikamwambia nisamehe. Tukakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Sasa huyo mnyama anaendeleaje?" Mama mkwe alipotufungia galoni la maziwa akaniambia, "Haya ni yenu nyie wawili. Paka anywe maji." Sijui kama alikuwa ametusikia.

Tulirudi Musoma pamoja. Sumu tukaitoa nyumbani. Chausiku akapewa dawa ya minyoo kulingana na uzito wake. Dagaa sasa nawaosha, nawaloweka, nampa kidogo kidogo. Siku hizi hutapika mara moja moja, na mara nyingi ni nywele.

Utaniuliza, kwa hiyo ilikuwa nini? Dagaa? Minyoo? Au kweli aliwahi kula panya mwenye sumu? Sijui. Tulibadilisha mambo matatu kwa mpigo, na daktari alinicheka: ningetaka kujua, ningebadilisha moja moja. Nashukuru tu kwamba sikungoja nijue ndipo niombe msamaha. Ningekuwa nangoja mpaka leo.

Kwa hiyo shosti, na wewe kaka, kikiharibika kitu ndani ya nyumba na sababu haionekani, iwe ni paka, hela ya matumizi au simu isiyopokelewa, chukua daftari kabla hujachukua mshitakiwa. Na ukigundua ulikosea, nauli ya kufuata msamaha huwa si kubwa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.