Kanuni za Ruta Ziandikwe kwa Lugha ya Raia

Tuseme askari amesimama kwenye njia panda mjini Awendo. Kwa kawaida humwuliza kila dereva swali moja tu: waenda wapi? Siku moja aamriwe kuuliza pia: watoka wapi, na umebeba nini? Kisha matrela ya miwa ayaelekeze barabara moja, na matatu barabara nyingine.

Ndivyo ifanyavyo ruta ya intaneti ikiwekewa kichujio. Haitazami anwani ya mwisho wa safari pekee, bali huchunguza pakiti imetoka wapi na ni ya huduma gani, ndipo iipitishe njia maalumu au iitupe. Kanuni husomwa kutoka juu hadi chini, na ya kwanza kuafiki ndiyo hutumika. Ukizipangua, maana hugeuka, kama maneno katika sentensi.

Mwanaisimu hawezi kupuuza sentensi zenye mamlaka kiasi hiki. Mwaka 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zifunge Telegram. Kuzuia udanganyifu ni jambo jema. Lakini mfanyabiashara asiye na mtihani alifungiwa pia.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi kila amri ya kuchuja mawasiliano itangazwe kwa Kiswahili: nini kinazuiwa, kwa muda gani, kwa idhini ya nani. La sivyo, tutabaki kuambiwa kwamba asiyejua maana haambiwi maana.